Ukurasa Ambao Sikumsomea Baba

Msomaji mmoja wa Litein ameniandikia: "Chepkorir, kila wiki ni kulia tu. Kwani wewe hujawahi kuwa na siku njema?" Nimewahi, dada. Siku zangu njema ziliisha siku niliyomwambia baba yangu neno moja la uongo. Nimelizunguka neno hilo wiki tano katika gazeti hili, na leo sina tena pa kuzunguka.

Kwa aliyeokota gazeti hili kwa jirani: mimi na mwenzangu Mosoti tulitengeneza programu ya simu, tukaiita Zizi. Mkulima anaandika dalili za ng'ombe wake, Zizi inamwambia la kufanya. Tuliiachilia iwe huria. Yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha, hata kuiuza, bila kutuomba ruhusa.

Kitu ambacho hatukukiachilia ni jina na nembo. Nembo ya Zizi ni sikio la ng'ombe lenye mikato miwili chini na mmoja kwenye ncha. Hiyo ndiyo alama ambayo ng'ombe wa boma letu wamekatwa tangu enzi za babu ya babu yangu. Masharti yetu yalikuwa mepesi: chukua programu uende nayo, lakini sikio utaliweka tu kama tumeikagua kazi yako na kuona haitaumiza ng'ombe wa mtu.

Alama hiyo tuliiandikisha Nairobi kwa jina la baba, Aron, kwa sababu sikio ni la mwenye boma. Hata Mosoti alikubali. Alisema kwao Kisii mzee wake angedai hivyo hivyo, tena kwa kelele zaidi.

Wiki jana niliwaacha pale Kiplimo, niliyesoma naye sekondari na ambaye sasa ana kampuni Kapsoit, alipotoka kwetu na karatasi yenye sahihi ya baba. Nilisema alitoka akitabasamu. Sasa mtajua kwa nini.

Jumatatu nilimkuta Mosoti katika chumba chetu cha kukodi pale Kaplong, juu ya duka la mbegu. Hakunisalimia.

"Kuja usome hii email. Soma pole pole."

Ilikuwa barua ya wakili wa Kiplimo. Tulikuwa tumepewa siku kumi na nne kuondoa jina Zizi na nembo ya sikio kwenye programu yetu, kwa kuwa vyote viwili ni mali ya kampuni ya mteja wake. Tukikaidi, tungeshtakiwa kwa kutumia alama ya mwenyewe bila idhini.

"Alama ya mwenyewe?" nikasema. "Mwenyewe si ni sisi?"

"Ilikuwa sisi. Code ni ya kila mtu, hiyo hata yeye hawezi kutunyima. Lakini sikio ni yake peke yake sasa. Chepkorir, mzee alisign nini?"

"Leseni. Atumie nembo mwaka mmoja, halafu airudishe."

"Uliona hiyo leseni?"

"Nilikuwa hapo."

"Sijauliza kama ulikuwa hapo."

Simu yangu ililia kabla sijamjibu, na nilishukuru. Sikujua nashukuru nini. Alikuwa shangazi Janeffer, dada ya baba, aliyeolewa Siongiroi.

"Chepkorir, Judy amekufa."

Sauti yake ilisikika chumba kizima. Mosoti akajishika mdomo.

"Judy ni ng'ombe," nikamnong'oneza. Siku nyingine angecheka. Shangazi ni mjane, na hana mtoto. Ana Judy, Friesian mweupe mwenye mabaka meusi, na alibakisha wiki mbili azae.

"Alishikwa na nini, shangazi?"

"Alikuwa na joto. Tezi ikavimba chini ya sikio. Nikaandika kwa simu vile ulinifunza. Ikaniambia nisubiri."

"Zizi haisemi subiri. Tezi ikivimba na kuna joto, Zizi inasema ita daktari leo hii."

"Hii ilisema subiri, wakala anakuja na dawa. Nikasubiri siku tatu. Leo asubuhi nimemkuta amelala, na ndama ndani."

"Nani alikuwekea hiyo?"

"Kijana alikuja soko na sikio yetu kwa shati. Sikio ya kwetu, Chepkorir. Ningemkataa aje?"

Nilimwambia pole. Nilisema pole mara nyingi mpaka ikakosa maana, naye akakata simu akiwa analia.

Mosoti alikuwa tayari ameifungua Zizi ya Kiplimo. Ilikuwa yetu kila mahali isipokuwa mstari mmoja. Pale tulipoandika "Mwite daktari leo hii", Kiplimo aliandika "Subiri, wakala wetu anakuja na dawa". Dawa za duka lake, bila shaka.

Kubadilisha ilikuwa haki yake, tulimpa sisi wenyewe. Lakini asingekuwa na lile sikio, shangazi angeuliza maswali. Angenipigia simu. Judy angechomwa sindano siku hiyo hiyo, na pengine leo angekuwa hai, anangoja kuzaa.

Sasa nawaambieni lile neno.

Kiplimo alikuja nyumbani Jumapili moja baada ya kanisa, wiki sita kabla ya barua ile. Akakaribishwa kwa mursik, maziwa yetu ya mgando, akanywa, akamsifu baba kwa ng'ombe wake. Kisha akatoa karatasi ya kurasa nne, Kiingereza kitupu.

Baba aliishia darasa la tatu. Kiingereza chake ni cha kumsalimia padri wa Kaplong. Mimi ndiye msomi wa boma. Ng'ombe watano walikwenda mnadani ili nimalize chuo kikuu, na hata leo naweza kuwataja wote kwa majina. Baba aliichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akanipa mbele ya mgeni.

"Huyu ndiye alisoma," akamwambia Kiplimo. Kisha akanigeukia. "Soma, uniambie."

Ukurasa wa kwanza niliuelewa. Wa pili ulikuwa na sentensi moja iliyojaza nusu ya ukurasa. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa na neno nililolijua nusunusu, neno la kuhamisha kitu.

Kiplimo alikuwa ananitazama. Baba naye alikuwa ananitazama, akiwa na uso ule wa mtu anayemwonyesha mgeni ng'ombe wake bora. Jamani, ningesema sielewi? Ng'ombe watano, halafu niseme sielewi?

"Ni kama kimanagan, baba," nikasema.

Kimanagan ni desturi yetu ya zamani. Unampa rafiki ng'ombe amtunze. Maziwa ni yake, mbolea ni yake, na kuamka alfajiri ni kwake. Ng'ombe mwenyewe anabaki wako, na ndama wake pia. Siku yoyote unaweza kwenda kumwona, na akitunzwa vibaya unamrudisha nyumbani. Ndivyo nilivyokuwa nimemweleza baba programu huria tangu mwanzo: watu wakamue, lakini sikio ni letu. Alilielewa jambo hilo kuliko watu wengi wenye digrii.

"Kwa hivyo anakamua tu," baba akasema.

"Anakamua tu."

"Umesoma yote?"

"Yote, baba."

Ndilo hilo neno. Baba akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Kiplimo akafunua ukurasa wa nne, akanielekeza kwa kidole kwenye mstari mtupu. "Hapa ni ya shahidi tu, formality." Nikatia sahihi. Huo nao sikuusoma.

Jumanne mimi na Mosoti tulikwenda Kericho kumwona wakili Quinter, mama wa makamo asiyepoteza maneno. Alisoma kurasa zote nne za nakala aliyoachiwa baba, akavua miwani.

"Hii si leseni. Ni kuhamisha alama, jina na nembo, milele. Na hapa kwa ukurasa wa nne unajua umesema nini?"

"Ni ya shahidi."

"Inasema wewe, Chepkorir, umemsomea Aron karatasi hii yote, ukamweleza kwa Kipsigis, na akaelewa. Ulimsomea?"

Mosoti alinigeukia. Miaka sita tumefanya kazi pamoja na hajawahi kunitazama hivyo.

"Hapana," nikasema.

Mosoti akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kando ya ua wa majani chai, mikono kichwani.

"Njia ni moja," Quinter akasema. "Mtu asiyejua lugha ya karatasi akielezwa kitu kingine, korti inaweza kuivunja hiyo karatasi. Lakini lazima aliyemweleza aape kwamba hakumsomea. Uape, halafu usimame mbele ya hakimu, wakili wa Kiplimo akuulize maswali mpaka utamani ardhi ikumeze. Na baba yako atakuwa ameketi hapo."

"Na mimi nitafanywa nini?"

"Ulitia sahihi kwa jambo la uongo. Sitakudanganya, unaweza kushtakiwa. Nitaandika hati ya kiapo. Mosoti ataichukua Ijumaa. Kutia sahihi ni shauri lako."

Mnadhani nilikwenda nyumbani nikamwambia baba? Sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba Judy amekufa kwa sababu ya Kiplimo, na kwamba Kiplimo hataki kulirudisha sikio. Baba hakupandisha sauti. Jumatano alivaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo, akasema twende Kapsoit.

Ofisi ya Kiplimo ina ukuta mweupe, na ukutani limechorwa sikio letu, refu kumshinda baba. Wasichana wawili wa mapokezi walitukaribisha vizuri. Kiplimo mwenyewe akatoka.

"Karibu, mzee. Nikuitishie chai?"

"Chai yako baadaye. Nimekuja kuona ng'ombe yangu."

"Ng'ombe gani, mzee?"

Baba akalinyooshea sikio fimbo. "Hiyo. Nilikupa ukamue. Umeitunza vibaya, ng'ombe ya dada yangu imekufa juu yako. Leo naenda nayo nyumbani."

Wasichana waliinamisha vichwa wakijizuia kucheka. Kiplimo hakucheka. Mpaka leo nadhani ingekuwa afadhali angecheka.

"Pole kwa ng'ombe ya shangazi, mzee. Kwa kweli pole. Lakini hukunipa ukitarajia nirudishe. Ulinipa kabisa, na karatasi inasema hivyo. Muulize msichana wako, si ndiye alikusomea?"

Wote wanne wakanigeukia. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Nilikuwa na pumzi ya kutosha na maneno nilikuwa nayo. Nikatazama viatu vyangu.

Baba alinitazama, kisha akavua kofia.

"Basi ni mimi nilielewa vibaya," akasema. "Nimezeeka. Nisamehe, kijana yangu, kwa kukuingilia kazini hivi."

Baba yangu akamwomba Kiplimo msamaha. Kiplimo! Na mimi nikiwa nimesimama hapo na digrii yangu.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni aliniambia neno moja tu: "Usijali." Niliingia chumbani nikalia na mto mdomoni asinisikie.

Ijumaa asubuhi nilimkuta kwenye zizi. Kuna ndama wa kike aliyezaliwa wiki mbili zilizopita, na kwetu ndama hukatwa sikio kabla ya kuanza kwenda malishoni. Majirani siku hizi wanatumia hereni za plastiki. Baba hukata mwenyewe, kwa kisu kidogo alichoachiwa na baba yake, kisha hupaka jivu kuzuia damu. Kisu kilikuwa kimenolewa na jivu lilikuwa kwenye kibakuli. Ndama alikuwa amefungwa. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, hafanyi chochote.

"Bado hujamkata, baba?"

"Sitamkata. Hiyo alama ni ya mtu sasa. Nikikata nimeiba."

"Hapana, baba. Karatasi ni ya simu na biashara. Haihusu ndama wetu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akanyoosha mkono, akanipa kisu. "Basi kata wewe. Wewe ndiye ulisoma."

Nilimshika ndama sikio. Lilikuwa na joto, laini, na manyoya ya ndani hayajakauka vizuri bado. Ndama akalamba kiganja changu akidhani nimemletea chumvi.

"Baba, sikusoma."

"Hukusoma nini?"

"Ukurasa wa pili. Niliutazama, sikuuelewa, nikaona haya mbele ya Kiplimo. Nikakwambia ni kimanagan. Nikakwambia nimesoma yote. Sikusoma yote."

Alikichukua kisu mkononi mwangu, akakifuta kwenye koti, ingawa hakikuwa na damu. Alikifuta muda mrefu.

"Kwa hivyo si mimi nilielewa vibaya."

"Si wewe."

"Na nilimwomba yule kijana msamaha."

"Ndiyo, baba."

Nilingoja anipige. Hajawahi kunipiga, lakini siku hiyo ningeona ni haki yangu. Badala yake akaniuliza kama kuna dawa ya jambo hili. Nikamweleza yote, kiapo, hakimu, na maswali ya wakili wa Kiplimo. Safari hii sikuruka kitu.

"Watakufunga?"

"Sijui. Wanaweza kunishtaki."

"Hapana."

"Baba, ndiyo njia pekee ya kulirudisha sikio."

"Nimesema hapana. Nilitoa ng'ombe tano usome. Leo nikupeleke kortini useme mbele ya watu kwamba ulimdanganya baba yako? Wacha Kiplimo akae na hiyo sikio. Ng'ombe zangu nazijua hata bila alama."

"Na shangazi? Na wengine kule Siongiroi? Wanamwamini kwa sababu ya sikio letu, baba. Kesho ng'ombe wa mwingine atavimba tezi, na ataambiwa asubiri."

Alimfungua ndama kamba, na ndama akamkimbilia mama yake, masikio mazima yote mawili. Katika miaka yangu yote sijawahi kuona ndama wa namna hiyo kwenye zizi letu. Baba alimfuata kwa macho. Nikaona amejifuta uso kwa mkono wa koti, haraka, kana kwamba ni jasho. Kulikuwa na baridi.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Mosoti langoni, na faili kwapani. Tangu Jumanne hakuwa ameongea nami.

"Karibu, Mosoti," baba akasema. "Umebeba nini?"

Mosoti alinitazama kwanza. Nikaitikia kwa kichwa kumwonyesha kwamba baba anajua. "Ni hati ya kiapo, mzee. Ya Chepkorir kusign, kama atataka. Siku zimebaki kumi tu."

"Na kalamu?"

"Iko, mzee."

"Lete."

Mosoti akampa kalamu. Baba akaiweka ndani ya ngumi yake, akaifunga. Nikadhani ameshaamua, na karatasi hiyo haitapata sahihi yangu hapa nyumbani. Lakini akakivuta kigoda, akaketi akinikabili, akamwambia Mosoti anipe ile hati.

"Wewe nisomee," akasema. "Anza juu mpaka chini. Usiruke hata neno moja, na kama hujui maana yake, sema hujui. Ukimaliza ndiyo nitajua kama nitakupa hii kalamu."

Ilikuwa kurasa mbili. Mosoti alisogea pembeni akajifanya anamtazama ndama. Niliishika kwa mikono miwili, kama baba alivyoishika ile ya Kiplimo, nikaanza kumsomea kwa Kipsigis: "Mimi, Chepkorir, binti ya Aron, naapa kwamba nilimdanganya baba yangu."

"Endelea," baba akasema.